Peoni kwenye kivuli, kuanzia mbegu

Peoni ni mmea wa maua wa nchi zenye baridi. Nyingi za dukani ni za ukoo wa Paeonia lactiflora, nayo hutaka jua la saa 6 kwa siku. Ukiiweka chini ya mti, mashina hurefuka yakiinamia mwanga, majani yanakuwa tele, maua ya kuhesabu. Kwa kivuli tafuta Paeonia obovata, mmea wa misituni huko Japani, Korea na China.

Tumba lake la mbegu hupasuka kuanzia Agosti. Ndani mna punje za rangi mbili: za buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi, na nyekundu zinazong'aa. Nyekundu ni pambo tu, hazikurutubishwa, zitupe. Za buluu zitie kwenye unyevu mapema, kabla gamba halijakauka likawa gumu. Ukinunua kavu, ziloweke siku 2 au 3, ukibadilisha maji kila siku.

Sasa penye makosa. Joto ndilo linalotoa mzizi. Baridi inafuata, kuamsha chipukizi. Anayekimbilia friji kwanza hupoteza miezi bure.

1. Changanya mbegu na vemikulaiti (madini mepesi yanayoshika maji) yenye unyevu. Ikamue kiganjani: likidondoka tone moja, inatosha, maji yakichuruzika, mbegu zitaoza. Tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, andika tarehe.
2. Weka penye nyuzi 20 kwa miezi 2 hadi 3. Kagua kila wiki. Yenye ukungu ioshe, iliyolainika itoe.
3. Mzizi ukifika sentimita 3, hamishia kwenye friji, nyuzi 4, wiki 10 hadi 12. Si kwenye friza.
4. Chipukizi likitokeza, panda kwenye chungu kirefu, mzizi ukielekea chini. Mwaka wa kwanza tarajia jani moja tu.

Bustanini, chagua mti unaopukutisha majani, ili mche upate mwanga kabla mti haujavaa. Miti yenye mizizi ya juujuu huunyang'anya maji.

Maswali

*Nilipanda nje Oktoba, sasa ni Mei na hakuna kitu. Nifukue?*
Usifukue, utavunja mizizi. Zinazopandwa nje kwa kawaida hutoa mizizi mwaka wa kwanza na kuchomoza mwaka unaofuata. Weka alama, usiache udongo ukauke.

*Mwalimu, nipo Arusha. Friji haiwezi kunisaidia?*
Itakupa mche, ndugu yangu, si ua. Mmea mkubwa nao hudai wiki kadhaa za baridi kali kila mwaka, na huwezi kuung'oa kila mara uulaze kwenye friji.

*Vitumba vyangu vimekuwa vyeusi, mashina yananyauka chini.*
Huo ni ukungu wa kijivu, na kivuli chenye hewa nzito ndiko kwake. Kata hadi penye shina lisilougua, choma masalia, usiyatie kwenye mboji. Mwagilia udongoni, si juu ya majani.

*Ua la kwanza lini?*
Mwaka wa 4 au 5. Kivulini, ongeza subira.