Somo: Kupanga picha za mitindo na mbunifu chipukizi, za blogu au za jarida

Somo hili ni kwa wenzangu wa Dodoma na mikoa ya jirani ambao wanataka kupiga picha za mavazi pamoja na wabunifu wanaoanza, lakini bado hawajaamua kama kazi yao itawekwa kwenye blogu au itapelekwa jaridani. Uamuzi huo hutangulia mengine yote, hata uchaguzi wa nguo, nami niliujua umuhimu wake baada ya kuukosea.

Hatua ya kwanza: amua picha zinakwenda wapi

Jarida la mitindo huandaliwa miezi miwili au mitatu kabla ya kutoka, hivyo vazi la Idi hupigwa picha wakati mwezi wa Ramadhani haujaandama, ilhali blogu inaweza kutoa picha jioni ileile. Jarida lina mhariri anayechagua na kukata, na kwa kawaida hutaka picha ambazo hazijaonekana popote. Wapo wanaodhani kwamba blogu ni kazi ya daraja la chini. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2009, mjini Milan, Dolce & Gabbana, wabunifu wa Italia, waliwaketisha wanablogu safu ya mbele ya onyesho lao la mavazi, akiwemo Scott Schuman, aliyeanzisha blogu yake mwaka 2005 kwa kupiga picha za watu waliovaa vizuri barabarani.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilipiga picha za magauni ya mbunifu mmoja wa hapa mjini, jarida moja likazikubali, nami kwa furaha nikaweka picha moja tu kwenye blogu yangu. Mhariri aliiona, akaziondoa zote. Aliyeumia zaidi ni yule mbunifu, kwa kuwa alikwisha kuwaambia wateja wake wasubiri toleo hilo.

Hatua ya pili: azima nguo kwa maandishi

Anayefanya kazi ya jarida hubeba barua ya mhariri, na mbunifu akiiona hujua ni nani atakayewajibika nguo ikiharibika. Mwanablogu hana barua hiyo, kwa hiyo aiandike mwenyewe: orodha ya nguo, hali ya kila moja (hata kifungo kilicholegea kitajwe), siku ya kurudisha, na nani atalipa iwapo pasi itaunguza kitambaa. Mbunifu anayeanza mara nyingi ana sampuli moja tu ya kila mshono, na amekwisha kuitolea fedha ya kitambaa na siku kadhaa za cherehani. Mtafute mwanamitindo anayeenea nguo iliyopo. Usimwombe mbunifu aifumue nguo kwa ajili ya mwanamitindo wako.

Hatua ya tatu: mwanga, upepo na vumbi

Jua la mchana la Dodoma huweka vivuli vyeusi chini ya macho na kufifisha rangi za kitenge. Piga kati ya saa 1:00 na saa 2:30 asubuhi, au kuanzia saa 11:00 jioni. Miamba inayouzunguka mji inapendeza sana, na mashamba ya mizabibu ya Hombolo na Mpunguzi pia, ilimradi mwenye shamba ameombwa. Huu ni mji wa Serikali, kwa hiyo kabla ya kuelekeza kamera kwenye jengo lolote la umma, omba ruhusa.

Vumbi ndilo adui mkubwa wa kiangazi. Gauni jeupe linaloburuta hupata mstari mwekundu kwenye pindo kabla hata mpiga picha hajarekebisha kamera. Mimi hutandika kanga chini, mwanamitindo husimama juu yake akiwa ameshikilia pindo, na kanga huondolewa mpiga picha akiwa tayari kabisa. Vumbi likishika, usilipanguse kwa maji, kwa maana litageuka tope na kuingia ndani ya uzi. Liache kavu, kisha litoe kwa brashi laini.

Hatua ya nne: kubana nguo

Beba pini, sindano, uzi na vibanio vya kuanikia nguo. Gauni linalopwaya hubanwa mgongoni, na kwa mbele likaonekana limemkaa mtu barabara. Kwenye jarida hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa ukurasa hujenga ndoto. Kwenye blogu nina shaka nalo, kwa sababu msomaji humpigia mbunifu simu siku hiyohiyo akitaka umbo lile aliloliona. Ukibana, ongeza picha nyingine isiyobanwa, pamoja na ya mgongo.

Maswali ya wanachama

Kutoka Kondoa: Dada, picha ni mali ya nani, yangu niliyepanga au ya aliyepiga?

Ndugu yangu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha, na mpiga picha asipokuwa na makubaliano nanyi atadai ni zake. Andikeni kabla ya kazi nani atazitumia, wapi na kwa muda gani, na mwanamitindo naye atie saini.

Kutoka Area C: Je, blogu ya mitindo inahitaji leseni?

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wajisajili TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na kulipa ada, kisha zikafutwa na kanuni mpya za mwaka 2020, ambazo nazo zilirekebishwa mwaka 2022. Waulize TCRA wenyewe kabla ya kuanza, usifuate maneno ya vijiweni.

Kutoka Manyoni: Dada, fundi wangu anashona vitenge vya kahawia na rangi ya udongo, na kwenye picha vinapotea. Tufanye nini?

Mdogo wangu, kitambaa hakina kosa. Mwezi wa Septemba nyasi, ardhi na miamba yetu vyote ni kahawia, kwa hiyo nguo humezwa na mandhari. Msimamisheni mwanamitindo mbele ya ukuta uliopakwa chokaa au mlango wa bati la buluu, au subirini Februari, mvua ikiwa imekwisha kuotesha majani, na vitenge hivyohivyo vitaonekana kwa mbali.