Kabla Hujatuma Sarafu ya Dhahabu Kupangiwa Daraja

Kazi yangu ni kupokea sarafu za watu, kuzikagua, kuzifunga na kuzituma kwenye kampuni za kupanga madaraja, yaani zile zinazothibitisha kama sarafu ni halisi, kuipa namba ya ubora wake na kuifunga kwenye kasha la plastiki lenye kibandiko. Swali la kwanza huwa ni lile lile: "Hii itapata ngapi?" Mimi huanza na lingine: je, inafaa kutumwa? Zaidi ya nusu ya ninazoletewa huzirudisha kwa mwenyewe palepale, na wengine huondoka wamenuna.

Kupangiwa daraja kunalipa pale tu ambapo daraja linabadilisha bei. Chukua Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, ya kawaida iliyopita mikono mingi. Thamani yake ni dhahabu iliyomo, na ukiitia kwenye kasha la plastiki lenye namba, dhahabu haiongezeki hata chembe. Umetoa ada, bima na nauli ya kwenda na kurudi, na mnunuzi atakulipa kwa uzito vilevile. Lakini chukua Double Eagle ya Marekani ya 1924, ile ya dola 20 iliyochorwa na mchongaji Saint-Gaudens. Ni mwaka unaopatikana kwa wingi kuliko yote ya aina hiyo, kwa hiyo ikiwa na daraja la wastani inauzwa karibu na bei ya dhahabu, ila kadiri daraja linavyopanda juu kabisa bei inaachana nayo. Hapo ada ina kazi. Sababu nyingine nzuri ni sarafu adimu inayoghushiwa sana. Sovereign, sarafu ya dhahabu ya Uingereza, ya 1917 iliyopigwa London ni mfano: nyingi ziliyeyushwa, zilizobaki ni chache, na wa kughushi wanalijua hilo. Ukiwa nayo ya mwaka huo, tazama kwa lenzi kwenye ardhi chini ya farasi, juu kidogo ya mwaka. Ukiona herufi ndogo kama S, M au P, ilipigwa Australia na si adimu. Usipoona kitu, usishangilie bado. Hiyo ndiyo ya kutuma, kwa sababu hakuna atakayeinunua kwa neno lako tu.

Madaraja yenyewe yanatumia kipimo cha 1 hadi 70, alichokianzisha William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Sarafu isiyowahi kutumika huanzia 60 ikiwa na herufi MS mbele. Iliyochakaa kidogo sana ni AU, na 58 ndiyo ya juu kwa hizo. Kampuni zinazoaminika zaidi sokoni ni PCGS na NGC, zote za Marekani, zote zilizaliwa miaka ya 1980. Ziko nyingine, lakini mnunuzi hulipia jina lililo kwenye kibandiko, na kibandiko cha kampuni isiyojulikana ni karatasi tu.

Sasa ikague mwenyewe. Tandika taulo laini mezani ili ikikuponyoka isiumie. Shika ukingo tu, kamwe usiguse uso. Jasho la kidole huacha alama ambayo baada ya muda haitoki. Zima taa ya dari, baki na taa moja ya mezani, kisha ilaze sarafu chini ya mwanga na uizungushe taratibu. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'ao unaozunguka nayo, mistari ya mwanga inayokimbia kutoka katikati hadi ukingoni. Iliyosuguliwa inang'aa pia, na hapo ndipo wengi wanapotapeliwa, ila mwanga wake umesimama mahali pamoja, na ukiinamisha utaona mikwaruzo myembamba kama nywele imelala upande mmoja. Kisha tazama sehemu zilizoinuka, maana ndizo huanza kulika: goti na kifua cha yule mwanamke kwenye Double Eagle ya Saint-Gaudens, ndevu na nyusi za mfalme kwenye Sovereign ya Edward VII. Hapo juu pakiwa pamefifia na rangi yake imetofautiana na sehemu nyingine, imechakaa, hata kama kwingine inang'aa.

Usisahau ukingo. Sovereign nyingi ziliwahi kuvaliwa shingoni. Mama mmoja aliniletea ya Edward VII yenye uso safi ajabu, na tayari alikuwa na bei kichwani. Nikaizungusha ukingo polepole: juu ya kichwa cha mfalme meno ya ukingo yalikatika, pakawa laini kwa upana wa punje ya mchele, na dhahabu ya pale ilikuwa nyekundu zaidi. Pete ya mkufu ilichomelewa hapo, ikaja ikang'olewa na kupigwa tupa. Sarafu kama hiyo haipewi namba. Inarudi na neno "Details" na sababu yake, na soko huichukulia kama majeruhi. Iliyosafishwa hupata adhabu hiyohiyo. Kwa hiyo dawa ya meno, soda, kitambaa cha sonara, vyote weka mbali. Sonara ni fundi mzuri, lakini kung'arisha ndiko kazi yake, na wewe hutaki kazi hiyo. Ikiwa sarafu ina utelezi wa kijani uliotoka kwenye mfuko mbaya wa plastiki, kampuni hizi zina idara za kuhifadhi sarafu, waachie wao.

Pima uzito pia. Krugerrand ni gramu 33.93, Sovereign ni karibu 7.99. Kwa sarafu kubwa ongeza jaribio la maji: weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa glasi. Kwa Krugerrand halisi mizani itasoma takriban gramu 1.9. Ikisoma zaidi ya hapo kwa mbali, ndani yake kuna metali nyepesi. Kwa Sovereign jaribio hili linataka mizani nyeti kweli, maana tofauti ni ndogo mno. Ukimaliza, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, usipanguse. Na usilewe na matokeo: wapo walioghushi kwa dhahabu halisi yenye uzito sahihi, kwa sababu faida yao ilikuwa kwenye mwaka na si kwenye metali. Kuna Double Eagle za 1907 za kughushi ambazo aliyezitengeneza aliacha herufi ndogo ya Kigiriki, omega, ndani ya kucha za tai. Kiburi cha fundi, sijui niseme nini.

Ukiamua kutuma, utajiunga uanachama wa kampuni au utapitia kwa wakala aliyeidhinishwa. Fomu inaonekana ndefu lakini mstari unaotaka akili ni mmoja tu: thamani unayoitangaza. Ada hupangwa kwa thamani hiyo, na watu hushawishika kuandika kidogo. Sarafu ikipotea, fidia itakwenda kwa kiasi ulichoandika wewe mwenyewe. Andika bei ya kweli.

Kila sarafu iingie kwenye kifuko chake kisicho na PVC, ile plastiki mbaya inayotoa utelezi wa kijani, chenye namba inayolingana na mstari wa fomu. Vipange kati ya vipande viwili vya kadibodi, funga kwa raba, tia kwenye boksi, kisha tikisa. Ukisikia mlio, fungua upange upya. Nje ya boksi lisionekane neno dhahabu wala sarafu, ila fomu ya forodha ukiivusha mpaka isidanganye, maana mzigo unaokamatwa kwa uongo ni vigumu kuukomboa. Posta nyingi hazipokei sarafu kwenye barua ya kawaida. Uliza kwanza, na lipia bima na ufuatiliaji. Piga picha pande zote mbili kabla hujafunga.

Huko, wakaguzi zaidi ya mmoja huiangalia kila mmoja kivyake, bila kujua ni ya nani. Ikirudi, ingiza namba ya kibandiko kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe maelezo, maana hata makasha yanaghushiwa. Daraja lisipokuridhisha unaweza kuomba iangaliwe tena ikiwa ndani ya kasha lake. Ukitaka kuihamishia kampuni nyingine, andika kwenye fomu daraja la chini kabisa unalokubali; wasipolifikia, watairudisha kwenye kasha lake la zamani. Usilivunje kasha mwenyewe ili ujaribu bahati. Wanaofanya hivyo kwa faida wameona maelfu ya sarafu, na bado hupoteza.