Risasi ya Kulungu Inapofika Longido: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Risasi ya Kuwindia

Wageni wengi wanaoshuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakiwa na masanduku marefu ya bunduki walijifunza kuwinda kwao Marekani, na mnyama aliyewafunza ni kulungu mwenye mkia mweupe, ambaye dume lake huwa na uzito wa kilo 60 hadi 130 hivi. Kabla hata gari halijafika Arusha, huwa wameshauliza kama risasi wanayopigia kulungu itafaa huku. Swali hilohilo, kwa sura nyingine, humkabili mkazi wa Moshi mwenye uwezo wa kununua bunduki moja tu maishani, na kijana aliyehitimu Chuo cha Mweka, kinachofundisha usimamizi wa wanyamapori, anayeanza kazi katika kitalu cha uwindaji. Jibu langu, baada ya miaka ya kutunza ghala la kambi na kuhesabu risasi zinazotoka na zinazorudi, ni kwamba risasi ya kulungu inatosha kwa wanyama wengi wa nyika zetu, ila uamuzi uanzie kwenye kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka na kumpiga mnyama, na kwenye bega la mpigaji, na jina la boksi lifuate baadaye.

Mambo ya sheria nayapitia kwa ufupi, kwa kuwa hayana mjadala. Bunduki humilikiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mnyama hupigwa kwa kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji, na twiga haguswi popote. Bunduki zinazojipakia zenyewe hazikubaliwi katika uwindaji, na kwa wanyama hatari kama nyati kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, ya .375 ya inchi ndiyo mpaka wa chini. Kwa sababu leseni huandikwa kwa bunduki fulani yenye kaliba fulani, anayetaka kuchagua risasi baada ya kupata leseni amekwisha kuchelewa.

Linalofuata ni kumjua mnyama mwenyewe. Swala tomi kwa kawaida hazidi kilo 35. Dume la swala pala huwa na kilo 50 hadi 75, na swala granti anakaribiana naye. Hao ndio wanaolingana na kulungu wa Marekani, na risasi yoyote iliyokwisha kumwangusha kulungu vizuri itawaangusha na wao. Kongoni anaweza kufika kilo 150 na kuzidi, nyumbu anapita 200, na dume kubwa la pofu linaweza kukaribia kilo 900, uzito ambao hakuna kulungu mwenye mkia mweupe aliyewahi kuukaribia. Kwa hiyo mwenye kibali cha wanyama watatu asichague risasi kwa kumtazama yule atakayempiga mara nyingi. Amtazame mkubwa wao, kisha ajiulize kama risasi hiyo haitamharibia nyama ya yule mdogo.

Majina ya risasi huwatisha wanaoanza, ilhali mengi yana maana nyepesi. Katika .30-06 Springfield, namba ya kwanza ni kaliba kwa sehemu za inchi, na 06 ni mwaka 1906 ambao jeshi la Marekani liliipokea. Katika .30-30 Winchester, ya mwaka 1895, 30 ya pili ilikuwa kipimo cha baruti kwa greni, na greni moja ni takriban gramu 0.065. Hii ya .30-30 ndiyo iliyowalisha Wamarekani wengi nyama ya kulungu msituni, lakini bunduki zake nyingi hupanga risasi kwa kufuatana ndani ya bomba chini ya mtutu, hivyo vichwa vyake hufanywa butu ili kimoja kisije kikagonga fataki, yaani kiwashio cha baruti, ya risasi iliyo mbele yake. Kichwa butu hupoteza mwendo mapema. Msituni, kwenye mita 80, hilo halina madhara. Kwenye mbuga za Simanjiro ambako swala granti husimama mita 200 na kukutazama kama anayekusubiri, ni kasoro kubwa.

Zinazobaki mezani kwa kazi ya kawaida ni chache. .243 Winchester ya mwaka 1955 hurusha kichwa cha gramu 6.5 kwa mita 900 hivi kwa sekunde. Ni tamu kwa swala, ila kwa kongoni inahitaji mkono uliotulia, na kwa pofu sitaki kuiona. .270 Winchester ya 1925 na .308 Winchester ya 1952 zinafaa kwa karibu kila kitu hadi nyumbu. 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, imependwa haraka kwa ulengaji wake na teke lake dogo, yaani pigo la bunduki linalorudi begani. .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, na kama ningelazimishwa kuchagua moja kwa mkazi wa mikoa hii asiye na nia ya kukutana na nyati, ningechagua hiyo. Kwa mwenye nia hiyo ipo .375 ya Holland & Holland ya London, ya tangu 1912, ambayo wawindaji bingwa wa Arusha hawajaiacha mpaka leo na ambayo, kinyume cha wanavyodhani wengi, hupiga swala bila kumchanachana, kwa sababu mwendo wake si wa kasi kupita kiasi.

Hata hivyo risasi mbili zenye jina moja zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa, na hapa ndipo ningependa msomaji akawie. Kichwa chenye ncha laini hupanuka kinapoingia mwilini, kikafungua jeraha pana na kumwaga nguvu yake humo. Kichwa kilichofunikwa shaba chote, kama cha kijeshi, hupita moja kwa moja na kuacha tundu jembamba. Mnyama hukimbia kilomita kadhaa kabla ya kufa, na pengine haonekani tena. Hicho hakina nafasi kwa swala. Upande wa pili, kichwa laini mno kilichotengenezewa mbavu za kulungu hupasuka juu ya bega la nyumbu na kuacha kidonda kibaya kisichofika ndani. Kwa sababu hiyo, anayewinda kuanzia kongoni kwenda juu atafute vichwa vizito kidogo ambavyo kiini chake kimeunganishwa na ganda la nje, au vile vya shaba tupu vilivyotengenezwa ili vipanuke. Vya shaba vina faida nyingine: madini ya risasi, yaliyokipa kitu hiki jina lake katika lugha yetu, huacha chembechembe katika nyama na matumbo yanayotupwa porini, na tai wanaokula mabaki hayo hupata sumu.

Sasa bega. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, na la .243 ni karibu nusu yake, bunduki zikiwa na uzito unaokaribiana. Mtu anayeogopa teke hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, na risasi huenda tumboni mwa mnyama badala ya kifuani. Nimewaona wanaume wenye miraba minne wakifanya hivyo mbele ya wasoma nyayo, ambao husema kwa adabu kwamba upepo ulikuwa mkali. Kabla ya kuamua, mtu aombe kupiga risasi kumi za kaliba anayoitaka kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama na kuegemeza bunduki kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja, kwa kuwa hivyo ndivyo atakavyopiga porini. Ikiwa risasi za mwisho zimetawanyika kuliko za mwanzo, kaliba hiyo imemshinda kwa sasa, na kushuka daraja moja si aibu.

Umbali na ardhi vina neno lao pia. .308 iliyorekebishwa kugonga katikati kwenye mita 200 huwa imeshuka zaidi ya sentimita 20 ikifika mita 300, na upepo wa mchana wa Longido unaweza kuisukuma pembeni vilevile. Ndiyo maana wawindaji bingwa wengi humsogeza mgeni hadi ndani ya mita 150 kabla ya kumruhusu kupiga, na kwa umbali huo tofauti ya mwendo kati ya risasi nilizozitaja haina uzito mkubwa. Katika vichaka vya migunga hali ni nyingine, maana kijiti chembamba tu kinaweza kupotosha risasi ya aina yoyote. Ile imani kwamba kichwa kizito hupenya vichaka bila kuyumba isimdanganye mtu.

Mgeni wa kulungu ana tabia moja ya kuachishwa mapema. Kwao hufundishwa kulenga nyuma ya bega. Moyo wa wanyama wetu wengi wa jamii ya swala umekaa chini na mbele zaidi, hivyo mnyama akisimama ubavu, mpigaji hufuata mstari wa mguu wa mbele kwenda juu na kulenga theluthi ya chini ya mwili. Hili linagusa uchaguzi wa risasi moja kwa moja, kwa sababu anayelenga hapo anaweza kukutana na mfupa wa bega, na kichwa chepesi kilichozoea mbavu hakitafika kinakotakiwa. Katika uwindaji wa kitalii mnyama aliyejeruhiwa na kupotea hulipiwa kama aliyepatikana, jambo linalowashangaza wageni wasiosoma mkataba.

Mwisho ni upatikanaji. Mwenyeji asinunue bunduki ya kaliba ngeni kabla ya kupita kwa wauzaji wenye leseni na kuuliza ni risasi zipi huwa nazo mwaka mzima. Kaliba nzuri isiyo na risasi dukani ni fimbo ya bei ghali. Mgeni naye abebe zake, akikumbuka kwamba mashirika ya ndege huruhusu kilo 5 tu kwa abiria, zinazotosha takriban risasi 150 za .30-06 pamoja na maboksi yake. Mwaka mmoja tulimpokea bwana mmoja mwenye bunduki ya .300 Winchester Magnum na maboksi matatu mapya ya .300 Weatherby Magnum. Risasi hazikuingia, na ashukuriwe Mungu hazikuingia, kwa sababu zipo kaliba zinazofanana ambazo ya kimakosa huingia na kuharibu bunduki pamoja na uso wa aliyeishika. Siku mbili za safari yake zilikwisha kwa kutafuta bunduki ya kuazima kwa utaratibu unaokubalika. Tangu hapo, jioni ya kwanza kambini, kabla ya chakula, kila risasi humwagwa juu ya meza, nami nasoma kwa tochi maandishi ya tako la ganda moja baada ya jingine, huku mwenye bunduki akinisomea yaliyochongwa kwenye mtutu wake.