Kabla ya Kuliingiza Gari Bovu Kwenye Mbio Ndefu

Mashindano ya 24 Hours of Lemons, ambayo Jay Lamm aliyaanzisha na ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2006 katika uwanja wa Altamont, California, yalipata jina kutokana na utani: Wamarekani huliita gari bovu "limau", na neno lao la tunda hilo linakaribiana kwa sauti na Le Mans, mji wa Ufaransa wenye mbio za saa 24 tangu mwaka 1923. Sharti lake linalojulikana kuliko yote ni kwamba gari lisizidi thamani ya dola 500. Marafiki wanne wakilisikia hilo, kila mmoja hutoa mchango wake haraka, kwa kudhani kuwa wamepata mchezo wa bei rahisi.

Hesabu yenyewe haiko hivyo, kwa sababu vifaa vya usalama havimo katika hizo dola 500. Kizimba cha mabomba ya chuma kinachochomelewa ndani ya gari, kiti cha mbio, mikanda, mfumo wa kuzima moto na swichi ya kukata umeme wote kwa mara moja, vyote hununuliwa nje ya kiwango hicho, na kwa kawaida jumla yake huipita bei ya gari mara kadhaa. Kila dereva naye anahitaji kofia ngumu, mavazi yasiyoshika moto na kifaa cha kuikinga shingo. Kizimba apewe fundi aliyewahi kutengeneza vizimba vya mbio. Rafiki mwenye mashine ya kuchomelea aliyezoea kuunda mageti ashukuriwe na apewe kazi nyingine.

Katika kuchagua gari, sifa ya kwanza iwe upatikanaji wa spea. Gari la kawaida, ambalo beringi yake ya gurudumu inaweza kupatikana Jumamosi jioni katika duka la mji mdogo, ni bora kuliko gari la kifahari lililouzwa kwa bei ya kutupa. Lile la kifahari lina sababu ya kuuzwa hivyo. Hata hivyo, tuzo inayoheshimiwa zaidi katika mbio hizi haipewi gari lililozunguka mara nyingi kuliko mengine, bali hupewa gari ambalo kila mtu aliamini haliwezi kufika mbali nalo likafika, kwa hiyo anayependa vituko ana haki ya kupuuza ushauri huu.

Kwenye injini, fedha ielekezwe katika kupoza, kwani gari linalokwenda sokoni bila kuchemsha linaweza kuchemsha ndani ya nusu saa ya mwendo wa uwanjani. Rejeta isafishwe au ibadilishwe, mipira yote ya maji iwe mipya, na themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, iwekwe mpya badala ya kung'olewa kama mafundi wengi wa kwetu walivyozoea. Oili nayo ina hila yake: gari linapokata kona ndefu kwa kasi, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na pampu ikaanza kuvuta hewa, hivyo kiwango kikaguliwe kila gari linaposimama, na taa ya oili ifungwe mahali ambapo dereva hawezi kujifanya hakuiona.

Breki ndizo zinazowadanganya wengi, maana gerejini huonekana ziko sawa kabisa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka, mvuke huingia katika mabomba, na mvuke hukandamizika: dereva anakanyaga pedali na inazama hadi sakafuni huku kona inamjia. Kwa hiyo mafuta yote yamwagwe wiki ya mbio, yatiwe mapya ya daraja la juu, na breki zitolewe upepo gurudumu moja baada ya jingine. Pedi ziwe za mbio, na seti ya akiba iwe karibu na jeki.

Mazoezi ya kubadilishana dereva na kujaza petroli yafanyike nyumbani, injini ikiwa imezimwa na petroli haijafunguliwa. Wakati wa kujaza kwenyewe hakuna mtu anayebaki garini, anayemimina huvaa mavazi kamili ya kukinga moto, na mwenzake husimama na mtungi wa kuzimia moto mkononi. Mfupi na mrefu wakipokezana kiti kimoja, mto wa mgongoni utayarishwe mapema.

Jambo ambalo marafiki huona haya kulitaja ni gharama ya uharibifu. Wakubaliane kwa maandishi, kabla ya gari kupakiwa kwenye trela, iwapo atakayelibamiza ukutani atalipa mwenyewe au hasara itagawanywa. Vilevile wamtaje mapema atakayevuta trela kurudi nyumbani Jumapili usiku. Huyo apewe zamu ya kwanza ya asubuhi, kisha aachwe alale.