Video ya anime inayogusa moyo: mkato kwanza, mbwembwe baadaye

Kazi inayonilisha ni kupiga video za harusi na sendofu hapa Mbeya, kuanzia Uyole hadi Mbalizi. Usiku nikishamaliza kazi za wateja, nafungua anime, yaani katuni za Kijapani, na wimbo nilioupenda, nakata vipande vya katuni na kuviunga juu ya wimbo mpaka baridi ya mlima Loleza inifukuze kitini.

Miaka kadhaa nyuma nilimrekodi mama akimkabidhi binti yake kwa wakwe. Alimshika mkono, akataka kusema neno, sauti ikagoma. Nilipokaa kwenye kompyuta niliona sehemu ile imetulia mno, nikaimwagia maua yanayodondoka na mng'ao wa dhahabu. Binti alipokuja kuchukua kazi yake aliitazama mpaka pale, kisha akaniambia kwa upole, "Kaka, naomba unitolee hayo maua. Nataka kumwona mama."

Tangu siku hiyo naelewa ufundi ni wa nini. Ni wa kuondoa kila kinachomzuia mtazamaji asimwone mama. Vijana wengi wanaoniletea video zao za anime wana mikono myepesi kuliko yangu, wanajua efekti, yaani mapambo ya kompyuta, ambazo mimi nilijifunza kwa kuhangaika, lakini kila sekunde imejaa maua. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yao.

Hatua ya 1: Usikilize wimbo bila skrini

Usianze kwa kutafuta wimbo wenye besi nzito ili ukatie hapo. Tafuta wimbo unaokukumbusha mtu. Usikilize mara kumi ukiwa unatembea, ukiwa kwenye daladala ya kwenda Mwanjelwa, ukiwa umelala. Kisha andika sentensi moja tu kwenye karatasi: video hii inamhusu nani, na amepatwa na nini. Kwa mfano: "Huyu ni mtu aliyerudi nyumbani akakuta wamekwisha kuondoka." Usipoweza kuiandika sentensi hiyo, usifungue programu ya kuhariri.

Angalia pia mwimbaji anavuta pumzi wapi. Mimi nimekulia kwenye kwaya na matarumbeta ya Wamoravian, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akitukumbusha kwamba pumzi nayo ni sehemu ya wimbo. Sehemu hizo za pumzi utazihitaji baadaye.

Kama wimbo ni wa Kiswahili, kuna mtego. Watu wetu wanasikia kila neno. Mwimbaji akisema "mvua" ukaonyesha mvua, akisema "safari" ukaonyesha treni, umekuwa kama mtu anayetafsiri maneno ambayo kila mtu amekwisha kuyaelewa. Neno "mvua" liache lisikike, na wewe muonyeshe aliyesimama mlangoni bila mwavuli, anasita kutoka.

Hatua ya 2: Kusanya picha safi, na uzitazame na daftari

Picha yenye maandishi ya tafsiri chini, au nembo ya kituo cha televisheni pembeni, inamtoa mtazamaji kwenye hisia kila anapoiona. Tafuta nakala isiyo na maandishi. Ukikosa, kuza picha kidogo ili maandishi yatoke nje ya ukingo wake, au chagua kipande kingine. Usitumie picha uliyorekodi kwenye skrini ya simu, kwa sababu mara nyingi idadi ya fremu zake kwa sekunde (fremu ni zile picha moja moja zinazounda video) hupanda na kushuka, na mikato yako, yaani pale kipande kimoja kinapoishia na kingine kuanza, itahama bila wewe kujua.

Anime nyingi unazozipata zina fremu 23.976 kwa sekunde. Weka mradi wako kwenye idadi hiyohiyo. Ukiuweka kwenye 30, programu italazimika kurudia fremu moja katika kila nne, na kamera inapotembea kando ya mandhari utaona picha inajikwaa.

Programu haina maana kubwa. DaVinci Resolve ya bure ni nzuri lakini inataka kompyuta yenye kadi ya picha yenye nguvu. Kdenlive inakwenda kwenye mashine nyepesi zaidi. Wengi wanatumia CapCut kwenye simu, na nimeona kazi nzuri zikitoka huko.

Daftari ndilo lenye maana. Tazama anime nzima na uandike dakika, nani yupo, anatazama upande gani, na anahisi nini. Usiandike mapigano peke yake. Andika mikono, milango, viatu vilivyoachwa, chumba kitupu, mtu anayegeuka kabla hajasema. Katika video yangu ya mwisho nilikuwa na mistari 140 hivi kwenye daftari, na nilitumia isiyofika 60.

Hatua ya 3: Weka alama kwenye wimbo

Hesabu ni rahisi. Gawa 60 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, kisha zidisha kwa 24. Wimbo wa taratibu wa mapigo 72 unakupa fremu 20 kwa kila pigo. Mapigo 96 yanakupa 15, na 120 yanakupa 12. Lakini usihesabu kutoka mwanzo mpaka mwisho kwa namba hizo, kwa sababu fremu zako ni 23.976 na si 24 kamili. Mpaka dakika ya nne utakuwa umepotea kwa karibu fremu sita, na jicho linaziona. Weka alama kwa sikio, pigo kwa pigo, na namba ziwe za kukuelekeza tu.

Tumia rangi mbili za alama. Moja ni ya ngoma. Nyingine ni ya zile pumzi za hatua ya kwanza, na mahali sauti inapopanda au kukatika.

Hatua ya 4: Jaza wimbo mzima kwa mikato mitupu

Hapa ndipo video inapozaliwa, na hapa ndipo watu wanapokosa subira. Hakuna efekti, hakuna mpito wa kung'aa, hakuna kutikisa. Mkato tu, mpaka wimbo uishe. Mmarekani Jim Kaposztas, anayetajwa kuwa wa kwanza kutengeneza video ya namna hii, mwaka 1982 aliunganisha deki mbili za kanda na kurekodi kutoka moja kwenda nyingine. Sanaa hii ilianza kwa kuchagua picha ipi ifuate ipi.

Na nguvu ya kuchagua hivyo ni kubwa. Zamani Mrusi Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji mmoja, akaufuatanisha na bakuli la supu, kisha na jeneza. Watazamaji waliona njaa, halafu wakaona huzuni, ilhali uso haukubadilika. Kwenye anime jambo hili linafanya kazi zaidi, maana nyuso zimechorwa kwa mistari michache na mtazamaji anaijaza iliyobaki. Kwa hiyo usitafute uso unaolia. Tafuta uso uliotulia, kisha uweke mbele yake kitu cha kuliza.

Fuata macho. Kipande cha kwanza kikiishia na mtu anayetazama kulia, cha pili kianze na kitu anachoweza kuwa anakitazama, hata kama kinatoka kwenye sehemu nyingine kabisa ya hadithi. Hapo mtazamaji anaunga mwenyewe.

Usikate kwenye kila pigo. Ukikata kila fremu 20 kwa dakika nne, moyo unazoea kama unavyozoea mashine ya kusaga. Acha mapigo manane yapite juu ya picha moja, kisha kata pale mwimbaji anapovuta pumzi. Na unapokata kwenye ngoma, jaribu kuweka mkato fremu moja au mbili kabla ya mlio. Kwangu mimi mkato wa hivyo unakaa vizuri kuliko uliolingana kabisa.

Kata ukiwa umekuza taimlaini, ule mstari wa muda unapopanga vipande. Mara nyingi fremu moja ya kipande kilichofuata kwenye anime yenyewe inabaki mwishoni mwa kipande chako. Inawaka kama mzimu halafu inatoweka. Mtazamaji hawezi kusema ameona nini, ila anajua kuna kitu kimekwaruza.

Halafu suala la kupunguza mwendo. Watu wanadhani huzuni ni polepole, basi wanapunguza kila kitu nusu. Kumbuka kwamba katika anime mchoro mmoja mara nyingi hukaa fremu mbili au tatu. Mchoro unaokaa fremu tatu unatoa michoro minane kwa sekunde. Ukiipunguza nusu, unabaki na minne, na mhusika anatembea kama anagonga vitu. Zipo programu za kubuni fremu za katikati ili kulainisha, lakini zinakunja mistari ya mchoro, na zinafuta vituo ambavyo mchoraji aliviweka kwa makusudi. Kama unataka utulivu, chagua kipande ambacho tayari kimetulia: kamera inayopanda polepole, theluji, nywele kwenye upepo.

Hatua ya 5: Acha nafasi

Hayao Miyazaki, mwongozaji maarufu wa anime, aliwahi kumweleza mhakiki mmoja wa sinema kuhusu kile Wajapani wanachokiita *ma*. Alipiga makofi mara chache, akasema ule muda ulio kati ya kofi na kofi ndio *ma*. Wimbo wako una sehemu kama hiyo, pengine kabla ya kiitikio cha mwisho. Weka hapo picha moja tupu: barabara, dirisha, anga. Iache sekunde tatu au nne. Mkono utakuwasha uongeze kitu. Usiongeze.

Hatua ya 6: Sasa lete ufundi

Kazi ngumu kuliko zote ni ile isiyoonekana. Mhusika ana uso unaoutaka lakini mdomo unaongea wakati wimbo uko kwenye kinanda tu. Kwenye anime mara nyingi uso hukaa vilevile na mdomo ndio unaobadilika, kwa hiyo unachukua fremu ambayo mdomo umefunga, unakata umbo la mdomo kwa maski (zana ya kutenga sehemu moja ya picha), unalibandika juu ya zile zinazoongea. Sekunde mbili zinaweza kukula usiku mzima. Hakuna atakayekusifu, kwa sababu hakuna atakayejua. Ila mhusika atakuwa kimya, na ukimya wake utasikika.

Ukichanganya anime mbili, linganisha rangi na weusi wa vivuli ili zionekane zimechorwa usiku mmoja. Hii nayo ni ufundi unaobeba hisia.

Kuhusu mng'ao, mtikisiko na mweko mweupe, siwakatazi. Kijana mmoja wa Kihesa, Iringa, aliniletea video ya mapambano yenye mweko karibu kila baada ya mapigo mawili, na ilinisimamisha nywele. Hasira ni hisia. Furaha ni hisia. Video yake ilihusu mtu aliyechoka kuonewa, na kila mtikisiko ulikuwa pigo lake. Yuleyule aliniletea nyingine ya ndugu wawili wanaoagana, yenye mtikisiko uleule. Tulikaa kibarazani tukaizima efekti moja moja huku tukitazama upya. Kila tulipozima tukaona hakuna kilichopotea, tuliiacha imezimwa. Zilibaki mbili. Fanya hivyo na yako.

Mhariri wa sinema Walter Murch, mshindi wa Oscar, anapopima sababu za kukata anaipa hisia asilimia 51, hadithi 23, na mdundo 10. Mimi sitembei na kikokotoo, lakini mkato wangu ukigongana na ngoma, nikajikuta lazima nichague kati ya ngoma na uso, nachagua uso.

Hatua ya 7: Muonyeshe mtu asiyejua anime

Mimi humwonyesha jirani yangu anayeuza parachichi. Hajui majina ya wahusika. Nakaa pembeni namtazama yeye, siitazami skrini. Akigusa simu yake katikati, naandika dakika. Akiuliza "huyu ni nani kwake?", naandika dakika. Kisha narudi hatua ya nne, sirudi ya sita.

Picha na wimbo ni mali ya watu wengine, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawalinda. Usiiuze video, na uwataje wasanii na anime waziwazi.

Kurenda, yaani kuifanya kompyuta itoe video iliyokamilika, fanya umeme ukiwa umetulia na Luku ina uniti za kutosha. Toa faili la H.264, aina ya video inayofunguka kwenye simu nyingi, kwa fremu zilezile 23.976, litazame lote kwenye simu kwa spika yake ndogo na kisha kwa earphone, kwa maana wengi watalitazama hivyo. Hifadhi mradi kwenye flashi mbili tofauti, na lile daftari usilitupe.