Somo: Jinsi ya kujua jeni fulani inaingiza sukari gani kwenye hamira

Wakuu, glukosi haipenyi kwenye utando wa hamira (Saccharomyces cerevisiae) hivi hivi, inapitia protini zilizokaa kama milango, na jeni zake ndo HXT1 mpaka HXT17 pamoja na GAL2. Ukifuta moja huoni tofauti, wenzake wanaziba pengo. Ndo maana mwaka 1999 watafiti walifuta jeni 20 na zaidi kwenye seli moja wakapata EBY.VW4000, hamira ambayo ukiiwekea glukosi inakaa tu, haioti. Ukiirudishia jeni moja ikaota kwenye sukari fulani, ujue jeni hiyo ndo inaingiza sukari hiyo.

Hatua 1: Ikuze kwenye maltosi 2%. Maltosi ina mlango wake, ikishaingia inakatwa kuwa glukosi mbili na seli inazila vizuri tu, shida yake ni mlango, sio tumbo.

Hatua 2: Weka jeni yako kwenye plazmidi (kiduara cha DNA cha kubebea jeni) yenye URA3, jeni ya kutengeneza yurasili, ingiza kwenye hamira, chagua kwenye sahani isiyo na yurasili (bado maltosi).

Hatua 3: Osha seli kwa maji tasa mara mbili, tatu ikibidi. Mimi niliruka hii nikaona mpaka plazmidi tupu inaota kwenye glukosi, nikashangilia bure, kumbe ni mabaki ya maltosi.

Hatua 4: Punguza mara 10, mara 10 tena, dondosha maikrolita 5 kila moja kwenye glukosi 0.2% na 2%, fruktosi, manosi, galaktosi. Nyuzi 30, siku 3 au 4. Plazmidi tupu (isiote) na HXT7 (iote) zisikosekane, ndo za kulinganishia. Hizo glukosi mbili zina maana: HXT7 inashika hata sukari kidogo (Km, yaani kiwango cha sukari ambacho mlango unafikia nusu ya kasi yake, ni kama milimola 1 hadi 2 kwa lita), HXT1 inataka nyingi, kama 100.

MASWALI

– Mkuu, nikitaka kupima zailosi nafanya hivyo hivyo?
Hapana, hiyo hamira haina vimeng'enya vya kutosha vya kuila, uviongeze kwanza. Halafu jua glukosi na zailosi zinagombania mlango mmoja na glukosi ndo inashinda. Kwenye Gal2 (protini ya jeni GAL2) watafiti wakabadilisha asidi amino namba 376, asparajini, kuwa fenilalanini, glukosi ikagoma kupita, zailosi ikaendelea.

– Yangu haijaota popote, jeni mbovu?
Kwenye maltosi imeota? Kama ndio, usiitupe bado. Protini za viumbe wengine mara nyingi zinakwama ndani hazifiki kwenye utando. Unganisha na GFP (protini inayong'aa kijani) uangalie kwenye hadubini, ukiona duara linalong'aa pembeni mwa seli imefika, ukiona madoa katikati imekwama njiani.

– Aah, yangu madoa matupu 😩