Somo: Kifundo cha mkono kikivunjika uzeeni, vidole visingoje plasta itoke

Assalaam alaykum ndugu zangu. Somo la leo ni la wazee wetu wa Unguja na Pemba, na la nyinyi mnaowatunza nyumbani.

Mzee akiteleza chooni au akijikwaa kizingitini hutanguliza kiganja, na mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba hukatika karibu na kifundo. Kwenye cheti mara nyingi huandikwa Colles. Ni jina la daktari wa upasuaji wa Dublin aliyeueleza mvunjiko huu mwaka 1814, eksirei haijagunduliwa. Mfupa ukishawekwa sawa na kufungwa plasta, kwa kawaida huunga kwa kiasi cha wiki 6. Kinachowapotezea wazee mkono ni vidole kukaa wiki zote hizo bila kazi. Bibi analishwa, anavishwa, mkono umening'inizwa kwa kanga kifuani asubuhi hadi usiku, na kila mtu nyumbani anaona anamtendea wema. Siku plasta inakatwa, mfupa umeunga lakini ngumi haifungi.

Hatua ya kwanza: plasta ingali mkononi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu wanapozembea.

Pete na bangili zivuliwe mara moja, kabla uvimbe haujazidi. Siku za mwanzo mkono ukae juu ya usawa wa moyo: akilala uwekwe juu ya mito. Kitambaa cha shingoni ni cha kutembelea tu, akikaa kivuliwe.

Kisha vidole. Anyooshe vyote kabisa. Avikunje ncha na kiungo cha kati huku viungo vya ngumi vimenyooka, mkono ufanane na makucha. Anyooshe tena. Akunje viungo vya ngumi huku vidole vimenyooka. Anyooshe. Mwisho afunge ngumi kamili, ncha ziguse kiganja. Kidole gumba nacho kiende kugusa ncha ya kila kidole, cha shahada mpaka cha mwisho. Mara 10 kila kimoja, polepole. Wazee husahau zoezi lakini hawasahau sala, basi lifungeni na sala tano: akishatoa salamu, vidole. Akitaka kuvuta uradi, ashike tasbihi kwa mkono huohuo uliofungwa. Bega linyanyuliwe juu kabisa na kisukusuku kikunjwe na kunyooshwa, maana bega likiganda utakuwa na maradhi mawili.

Muacheni atumie vidole kwa kazi nyepesi: kufunga vifungo, kuchambua mchele, kumenya kitunguu thomu, kula wali kwa vidole vyake. Asinyanyue birika wala ndoo, na asijiinue kitini kwa mkono huo. Plasta isirowe, namna ya udhu muulizeni sheikh wenu.

Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, iwe Mnazi Mmoja, Abdulla Mzee au iliyo karibu, mkiona vidole vimekuwa baridi au vya buluu, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi na dawa haifui dafu. Plasta inayobana haingojwi mpaka kesho.

Hatua ya pili: plasta ikitoka

Msishtuke. Ngozi itakuwa kavu yenye magamba, mkono umekonda, kifundo kigumu. Muoshe kwa maji vuguvugu, autie humo dakika 10 hivi, apake mafuta ya nazi mwenyewe kwa mkono mzima, ndipo aanze. Maji yajaribiwe kwanza kwa mkono ulio salama.

Kigasha kilale juu ya meza, kiganja kining'inie ukingoni: akinyanyue juu, akishushe chini. Kisha mkono ulale mezani na kiganja kisogee kushoto na kulia kama anayefuta unga. La tatu ndilo gumu kuliko yote, kugeuza kiganja kielekee juu. Kisukusuku kibanwe ubavuni, ashike mwiko katikati, augeuze huku na huku. Dua ndiyo kipimo chake: viganja vyote viwili vikielekea juu sawasawa bila kisukusuku kutoka ubavuni, amefika. Wengi huchukua wiki kadhaa hapo, msikate tamaa.

Kuvutika na kuuma kidogo wakati wa zoezi ni kawaida. Maumivu yakilala naye mpaka asubuhi, au uvimbe ukiongezeka, punguzeni kesho yake, lakini msiache.

Hatua ya tatu: nguvu

Hii hungoja daktari athibitishe kwenye picha kwamba mfupa umeunga. Aanze kwa kuminya kitambaa ndani ya maji, halafu kukanda unga laini, halafu kukamua tui. Kukuna nazi kuje mwisho kabisa, kwa sababu kunataka kushika, kusukuma na kuzungusha kwa pamoja.

Sijda nayo ina njia yake, na nasikitika kuwa wazee wengi hawaelezwi. Kusujudu kunaukunja mkono nyuma na kuubebesha mwili. Kwa miezi ya mwanzo asali juu ya kiti. Akiruhusiwa, aanze kusukuma ukuta kwa viganja. Ukuta ukiwa mwepesi, aegemee meza. Kisha ukingo wa kitanda. Ndipo ashuke kwenye mkeka. Kwa wengi safari hii huvuka miezi mitatu. Nguvu za kushika huendelea kurudi hata mpaka mwaka mzima, basi asijihukumu mapema.

Maswali ya wanachama

*Swali, Wete:* Mwalimu, bi mkubwa wangu ametolewa plasta lakini mkono umevimba, unang'aa, unatoa jasho, na hata shuka ikimgusa anasema anaungua. Nimfunge tena apumzike?

*Jibu:* Usimfunge, mwanangu. Maumivu yaliyozidi kiasi, pamoja na uvimbe, jasho na ngozi kubadilika rangi au joto, ni dalili za mishipa ya fahamu kuchachamaa baada ya jeraha. Kumfunga kutamzidishia ugumu. Mpeleke kwa daktari na kwa mtaalamu wa mazoezi tiba wiki hii hii, na mkimwambia neno moja tu, liwe hilo la shuka. Nyumbani vidole viendelee taratibu, autumie mkono kwa vitu vyepesi, na asichuliwe kwa nguvu.

*Swali, Makunduchi:* Mkono wa babu umeunga umepinda kidogo. Kuna mzee hapa kijijini anasema ataunyoosha kwa kuuvuta.

*Jibu:* Nakuomba usikubali. Mfupa ulioshaunga haunyooki kwa kuvutwa, utavunjika upya au kano zitachanika. Na kwa wazee, kifundo kilichopinda kidogo mara nyingi hufanya kazi zote za nyumbani vizuri. Mtazame anavyoshika kikombe na anavyofungua kitasa, usitazame umbo. Ikiwa maumivu hayaishi, hapo ni kwa daktari wa mifupa.

*Swali, Jambiani:* Mama ana miaka zaidi ya 60 na analima mwani. Arudi lini?

*Jibu:* Dada yangu, kufunga mbegu kwenye kamba akiwa amekaa ufukweni anaweza kuanza mapema, vidole vitafaidika. Kubeba magunia ya mwani mbichi kungoje mpaka ashike na kuegemea bila maumivu. Ila umri huo, akivunjika kwa kuanguka tu akiwa amesimama, daktari aulizwe kuhusu udhaifu wa mifupa, kwa sababu safari ijayo huweza kuwa nyonga. Ale dagaa pamoja na mifupa yake na maziwa akipata, avae viatu visivyoteleza, na njia ya chooni iwe na taa usiku.

*Swali, Chake Chake:* Baba yangu alikuwa anaendelea vizuri, hana maumivu. Juzi ghafla kidole gumba kimelala, hakinyanyuki. Tumemzidishia mazoezi.

*Jibu:* Acheni kumzidishia. Mwambieni aweke kiganja juu ya meza na ajaribu kukinyanyua kidole gumba peke yake. Kikikataa kabisa, inaelekea kano inayokinyanyua imekatika. Hutokea wiki kadhaa baada ya mvunjiko, hata ule ambao mfupa haukuhama mahali pake, kwa sababu kano hiyo hupita palepale mfupa ulipovunjika. Mazoezi hayaungi kano. Ni kazi ya daktari wa upasuaji, ambaye mara nyingi huhamisha kano moja ya kidole cha shahada ikafanye kazi ya gumba, na kidole cha shahada chenyewe hubaki na ya pili. Mpelekeni, na mkifika semeni tangu mwanzo kwamba kililala ghafla.